Ijue Nywele Kabla ya Kuitia Dawa

Wahenga walinena kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Basi, wanachama wenzangu, akili tuwaachie walimu wetu. Makala haya ni ya nywele zenyewe, na hasa nawaandikia wale wanaonuia kuingia katika ususi au unyozi wakishamaliza masomo. Wengi huidhania kazi hiyo kuwa ya mikono tu. La hasha! Ni biolojia na kemia tupu.

Unywele unaouona ni kitu kilichokufa, ndiyo maana mkasi haukuumizi. Sehemu iliyo hai imo ndani ya ngozi, katika kishimo kiitwacho kinyweleo, na hulishwa na mishipa midogo ya damu. Seli huzaliwa pale chini, husukumwa juu, hujaa protini iitwayo keratini, kisha hufa. Keratini ndiyo iliyo pia katika kucha zetu na pembe za ng'ombe. Ina salfa, na harufu ile kali ya nywele zinapoungua hutokana na hiyo.

Kichwa cha mtu huwa na nywele kama 100,000. Kila mmoja hukua kwa miaka 2 hadi 6, hupumzika kwa miezi kama 3, kisha hung'oka na kumpisha mwenzake. Kwa hivyo ukipoteza nywele 50 au hata 100 kwa siku, usianze kulia, ni kawaida. Na nyinyi mnaoshikilia kwamba ukinyoa kwa wembe nywele huota nene zaidi, hebu niambieni: wembe haufiki shinani, shina litajuaje kwamba umenyoa? Ile ncha butu iliyokatwa ndiyo inayovihadaa vidole.

Nywele za kipilipili zina maumbile yake. Kinyweleo chake kimepinda, na unywele wenyewe ukitazamwa kwa hadubini si wa mviringo kamili, bali ni bapa. Mafuta ya ngozi huteleza upesi kwenye nywele za singa, lakini kwenye kipilipili hukwama katika kila kona. Matokeo ni kwamba ngozi ina mafuta ilhali ncha ni kavu kama nyasi za Januari, na hukatika hovyo. Zichane zikiwa na unyevu, kwa kichana chenye meno mapana, ukianzia nchani kuelekea shinani. Wengi wetu huanzia shinani, tunavuta kwa nguvu, halafu tunazilaumu nywele!

Sasa tuingie kwa dawa ya kunyosha. Biashara hii si ya juzi. Garrett Morgan, Mmarekani mweusi aliyesajili pia ubunifu wake wa ishara ya kuongozea magari mwaka wa 1923, alikuwa ameshaanza kuuza dawa ya nywele miaka kadhaa kabla ya hapo.

Nyuzi za keratini zimeshikamana kwa namna mbili. Kuna viungo dhaifu, ambavyo kichana cha moto huvilegeza, lakini ukinyeshewa tu, mambo yote hurudi pale pale. Kuna pia madaraja ya salfa, nayo ni imara. Dawa huyavunja hayo, na hayarudi tena. Ndiyo sababu msusi anayeijua kazi hupaka dawa kwenye nywele mpya zilizoota tu. Akiirudia ile sehemu ya zamani, zitakatikia mikononi mwake.

Dawa nyingi zina sodiamu haidroksaidi, ile ile ya kutengenezea sabuni. Kipimo chake cha pH ni 12 na zaidi, wakati ngozi yetu ni kama 5.5. Waliosoma kemia wanajua kwamba kila hatua moja ya pH ni mara 10. Kwa hivyo kutoka 5.5 hadi 12.5 si mara 7, ni mara 10,000,000! Hata zile zilizoandikwa kwamba hazina sodiamu haidroksaidi bado ni alkali kali. Kwa hivyo usijikune wala kuosha kichwa siku hiyo kabla ya dawa. Paka mafuta mazito kwenye paji, masikio na kisogo. Fuata dakika zilizoandikwa kwenye karatasi, hata kama rafiki yako anasema haijashika. Ikianza kuchoma, osha mara moja kwa maji mengi. Usitie limau. Ikiingia machoni, mwaga maji kwa muda usiopungua dakika 15, huku mtu akitafuta gari la kwenda hospitali.

Choa cha kichwani ni kisa kingine. Huletwa na kuvu, si uchafu wala uchawi, na huwapata sana watoto. Huenezwa kwa kichana, kofia, mto na mashine ya kinyozi. Krimu ya kupaka peke yake haitoshi kwa sababu kuvu wamo ndani ya kinyweleo. Daktari hutoa tembe, kwa mfano griseofulvin, za kumezwa wiki 6 au zaidi, pamoja na chakula chenye mafuta. Nayo mashine ipigwe brashi kwanza, nywele zote zitoke, ndipo ipakwe spiriti. Spiriti juu ya uchafu ni kazi bure.

Mwisho, kusuka kwa kubana. Ukiamka na vipele kwenye panja, au huwezi kulala kwa maumivu, nywele zinang'olewa polepole. Fungua siku hiyo hiyo, usingoje Jumamosi. Zikiachwa mapema huota tena, lakini baada ya miaka ya kuvutwa kinyweleo hugeuka kovu, na pale hakuna mafuta ya dukani yatakayootesha kitu.