Fedha za Dharura Kabla ya Siku ya Mshahara: Somo kwa Makatibu na Wanachama

Somo letu la safari hii lahusu jambo ambalo hapana katibu asiyepata kulikuta mezani pake. Mwanachama aingia ofisini tarehe 12 ya mwezi. Mshahara hutoka tarehe 25. Mtoto wake amelazwa hospitalini Ilembula, naye anahitaji shilingi 150,000 leo, wala si wiki ijayo. Je, azipate wapi, na zitamgharimu kiasi gani?

Tuchukue mwanachama huyo kuwa mwalimu anayekaa Makambako, ambaye baada ya makato yote hupokea shilingi 480,000 mkononi. Tarakimu hizi ni za mfano tu, lakini katibu akizibadili kwa zile za mwanachama wake ataona kwamba hesabu yenyewe haibadiliki.

Jambo la kwanza linalomjia mwalimu huyu ni benki inayopitisha mshahara wake. Benki kadhaa nchini, NMB na CRDB miongoni mwao, humpa mfanyakazi sehemu ya mshahara kabla haujaingia. Siku hizi maombi hufanywa hata kwa simu ya mkononi. Hapatakiwi mdhamini wala rehani, kwa sababu benki ndiyo ishikayo akaunti, nayo hujilipa yenyewe kwanza mara mshahara unapoingia. Huduma hii ni halali, ni ya haraka, na kwa mtu ambaye dharura humjia mara moja kwa mwaka haina ubaya wowote. Mkaguzi asiyekubali hivyo huwa anawadanganya wanachama.

Lakini tuifanye hesabu. Tuseme ada ni asilimia 5. Mwalimu atarudisha shilingi 157,500. Ada ya shilingi 7,500 yaonekana ndogo, na kwa kweli si ada inayomwangusha. Kinachomwangusha ni kwamba deni lote hukatwa kwa mkupuo mmoja. Tarehe 25 atabakiwa na shilingi 322,500, ilhali nyumba yake imezoea kutumia karibu mshahara mzima. Ikifika tarehe 10 ya mwezi unaofuata ameishiwa, na safari hii hakuna mgonjwa: anakopa ili kuziba shimo lililoachwa na mkopo wa kwanza. Akiendelea hivyo miezi 12, atakuwa amelipa ada ya shilingi 90,000 kwa zile zile shilingi 150,000, yaani asilimia 60 kwa mwaka, na bado deni la awali lipo palepale.

Jambo hili si la nchi yetu peke yake. Mkopo wa simu wa M-Shwari ulipoanzishwa Kenya mwezi Novemba 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Anayeurudia kila mwezi kwa mwaka mzima hulipa asilimia 90. Mkopaji hulitazama neno “7.5” akaridhika, kwa kuwa hajaulizwa ni mara ngapi atakopa.

Yafaa pia makatibu waelewe kitu kimoja ambacho wanachama wengi hawakijui. Mtumishi wa umma hulindwa na utaratibu wa kubakiwa na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato. Hata hivyo, ulinzi huo hutazama makato yanayopita kwa mwajiri. Fedha ambayo benki hujikatia yenyewe kutoka katika akaunti haionekani kwenye karatasi ya mshahara. Kwa hiyo katibu anayepima uwezo wa mwombaji kwa karatasi hiyo peke yake anapima nusu ya mzigo. Mwombeni mwanachama alete na taarifa ya akaunti ya miezi mitatu.

Nje ya benki wapo wakopeshaji. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewaweka chini ya leseni, na Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Mwanachama akitajiwa asilimia 20 au 30, basi anayemtajia ama hana leseni, ama anaivunja. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila idhini. Watu wameipa mikopo ya namna hii jina la “kausha damu”, nami sina jina bora kuliko hilo. Hatari yake kubwa kuliko zote ni kumkabidhi mkopeshaji kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Mwenye kufanya hivyo amekiuka masharti ya benki yake, na tangu siku hiyo hutegemea huruma ya mtu mwingine ili aupate mshahara wake mwenyewe.

Sasa tuje kwetu. Chama cha akiba na mikopo kinachotoza asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya salio kingempa mwalimu wetu shilingi 150,000 alipe kwa miezi mitatu. Atalipa shilingi 52,250, kisha 51,500, kisha 50,750. Riba yote ni shilingi 4,500, na hiyo pungufu ya ada ya benki si faida kubwa. Faida iko katika mwezi wa kwanza: atabakiwa na shilingi 427,750 badala ya 322,500. Nyumba itabanwa, lakini haitaporomoka, wala hatarudi kukopa.

Kama ndivyo, mbona wanachama wetu wanatupita mlangoni na kwenda kwa wenye kausha damu? Jibu nimelisoma katika daftari la maombi la chama kimoja nilichokikagua. Ombi la mkopo wa dharura liliandikwa tarehe 3. Kamati ya Mikopo ilikaa tarehe 19, ikaliidhinisha bila swali. Chini yake palikuwa na barua fupi ya mwanachama: alishukuru, akaomba ombi lifutwe, kwa kuwa mgonjwa alikwisha kutoka hospitalini na fedha alizipata kwingine. Katibu aliniambia kwamba kamati hukaa mara moja kwa mwezi na hakuwa na mamlaka ya kufanya vinginevyo. Alisema kweli. Kosa halikuwa lake bali la sera ya mikopo, ambayo iliuita mkopo huo “wa dharura” kisha ikauweka kwenye foleni moja na mikopo ya mabati.

Dawa yake iko mikononi mwa Mkutano Mkuu. Sera itenge fungu maalumu la dharura lisiloguswa kwa mikopo mingine, na iseme waziwazi kwamba mkopo usiozidi akiba ya mwombaji isiyobanwa na deni wala udhamini hauhitaji mdhamini mwingine, wala haungoji kikao: meneja na mjumbe mmoja wa Kamati ya Mikopo watie saini siku hiyo hiyo, kamati ipewe taarifa katika kikao kijacho. Saini moja haitoshi hata siku moja. Nimeona fungu la dharura likigeuzwa mfuko wa viongozi. Mwenye mkopo wa dharura ambao haujaisha asipewe wa pili, vinginevyo tutakuwa tumejenga shimo lile lile la benki kwa matofali yetu.

Fungu hilo lisilale lote mahali pamoja. Wana-Njombe hawahitaji mfano wa mbali. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki 5 kwa upungufu wa mtaji, na Benki ya Wananchi ya Njombe ilikuwa mojawapo. Bima ya amana wakati ule ililipa hadi shilingi 1,500,000 kwa mwenye amana. Mwenye akiba ndogo aliokoka, lakini kwa chama chenye fedha za watu mia moja katika akaunti moja kiasi hicho hakitoshi kitu.

Wakulima nao wasidhani somo hili haliwahusu kwa kuwa hawana mshahara. Anayeuza majani ya chai Lupembe na kusubiri malipo ya mwezi anayo siku yake ya mshahara, na mwenye viazi au parachichi anayo pia, ila ni ya msimu. Kwao marejesho yapangwe kufuata malipo ya zao.

Katibu na aongeze safu mbili katika daftari la maombi: saa ombi lilipopokelewa, na saa fedha zilipotoka. Katika ukaguzi ujao nitaanza na safu hizo kabla sijafungua leja.