Nimepona kiharusi, mbona sina furaha?

SWALI: Daktari, mimi ni mzee wa miaka 66, mstaafu wa reli, mkazi wa Isevya, Tabora. Mwaka jana nilipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea na maneno yakagoma kutoka. Sasa natembea kwa mkongojo na naongea vizuri. Tatizo ni moyo. Wageni hawakatiki, na kila mmoja ananiambia nishukuru maana wenzangu wako udongoni. Nashukuru kwa mdomo tu. Bao silitaki, chakula hakina ladha, usiku nashtuka na kujipapasa mkono kama bado unafanya kazi. Mke wangu anasema nakufuru. Ni kweli?

JIBU: Shikamoo, mzee wangu, na pole sana. Hukufuru. Kati ya watu watatu waliopata kiharusi, mmoja hivi huandamwa na sonona. Kiharusi hujeruhi ubongo, na ubongo huohuo ndio unaoongoza furaha, usingizi na hamu ya kula. Juu yake kuna hofu, na hofu yako ina msingi, kwa sababu aliyewahi kupata kiharusi yuko katika hatari kubwa ya kukipata tena kuliko ambaye hakijamgusa. Anayekuambia “mshukuru Mungu” kisha akaaga amesema neno jema, ila amekuachia kazi yote uifanye peke yako.

Mji wako unajua habari za watu waliofika wakiwa wamechoka. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji haikupita Tabora mbiombio. Wasafiri Waingereza Burton na Speke waliingia hapo, enzi hizo pakiitwa Kazeh, tarehe 7 Novemba 1857, na hawakuondoka hadi Desemba. Mbele ya safari Burton aliishiwa nguvu za miguu ikabidi abebwe, naye Speke akaugua macho. Walipolifikia Ziwa Tanganyika, Februari 1858, Speke hakuweza kuliona sawasawa ziwa alilolisumbukia miezi yote ile. Wakarudi Kazeh, wakapumzika, na Agosti mwaka huohuo Speke akafika kusini mwa Ziwa Viktoria, na hilo akaliona. (Wapagazi waliougua katika njia hiyohiyo hawakuwa na wa kuwabeba, na wengi hata majina yao hatuyajui.) Nawe umefika, mzee. Macho ya kuona ulichofikia yatakuja kwa wakati wake, lakini yanahitaji kusaidiwa.

Shukrani inaweza kusaidia, ila si ile ya kushurutishwa. Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough wa Marekani walichapisha utafiti ambao sehemu yake iliwahusu watu wazima wenye magonjwa ya mishipa ya fahamu na misuli. Kwa siku 21 waliandika kila siku mambo waliyoyashukuru. Wakilinganishwa na wenzao ambao hawakuandika hivyo, walilala vizuri zaidi na waliyaona maisha yao kwa jicho jema zaidi. Hakuna muujiza hapo, na magonjwa yao hayakuondoka. Ninachokipenda ni kwamba hakuna aliyewaambia washukuru kwa sababu wengine wamekufa. Walitakiwa kutaja mambo yao wenyewe.

Basi taja, mzee. Usiandike “uzima”, maana uzima ni mkubwa mno haushikiki. Andika chai aliyokuletea mjukuu. Andika kifungo cha shati ulichokifunga mwenyewe kwa mkono wa kulia, matobolwa na karanga (kama hupaliwi ukimeza), au mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu cha Unyamwezi. Treni ikipiga honi ikiingia stesheni, andika kama imechelewa, maana wewe wa reli utajua. Siku ambayo huna la kuandika, iache karatasi tupu. Hakuna mwalimu wa kusahihisha.

Bao nalo lirudie, hata kama hulitaki. Watu wengi husubiri hamu ije ndipo watende, lakini kwa mwenye huzuni mara nyingi kitendo hutangulia na hamu hufuata nyuma. Cheza kwa mkono wa kulia. Kuokota kete na kuzisambaza mojamoja ni mazoezi mazuri ya vidole. Asubuhi tembea chini ya miembe kabla jua halijawa kali, ukiwa na mtu pembeni.

Haya yote hayachukui nafasi ya dawa za presha, kama umeandikiwa. Dawa meza kila siku, hata siku unayojisikia mzima, na usiache kwa sababu jirani amekuletea mizizi. Chumvi ya Uvinza ilikuwa mali kubwa katika njia ya misafara, lakini wewe ipunguze: Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na iliyomo kwenye samaki wa kukaushwa. Asali ya Tabora ni fahari yetu, lakini si dawa ya presha, na kama una kisukari uliza kwanza kliniki.

Mama wa nyumbani asikuone mkosefu. Naye aliogopa, pengine kuliko wewe, na huenda hakuna aliyemuuliza yeye analalaje. Kaeni mzungumze kabla wageni hawajaanza kuingia. Huzuni na kukosa hamu vikidumu wiki mbili au zaidi, na kwa maelezo yako naona vimeshadumu, nenda hospitali ya Kitete au kituo cha afya kilicho karibu uyaeleze hayohayo uliyoniandikia. Sonona ina tiba, ya mazungumzo na ya vidonge. Ukipata fikra za kutotaka kuishi, nenda leo.

Hofu ya usiku hupungua nyumba ikiwa na mpango. Amueni sasa nani atakupeleka, namba ya dereva wa bajaji ibandikwe ukutani, na kadi ya kliniki na orodha ya dawa zako zikae mahali kila mtu anapopajua. Uso ukipinda, mkono ukilegea ghafla au maneno yakikorogeka, wasikukande wala wasingoje pakuche. Wakupeleke hospitali saa hiyohiyo, hata dalili zikionekana kupungua.