MASHINE YA KUPULIZIA SALFA: UENDESHAJI SALAMA NA UTUNZAJI WAKE

Somo hili linawahusu makatibu wa vyama vya msingi vya wakulima wa korosho, wajumbe wa Bodi, na wale ndugu wanaobeba mashine mgongoni. Wanachama wengine nao walisome, maana mashine ni mali yao na mikorosho ni yao.

Ugonjwa wa ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua ya mkorosho kabla hayajafunga, uliripotiwa nchini Tanzania mwaka 1979. Tangu miaka ya 1980 kinga yake kubwa imekuwa unga wa salfa, urushwao juu ya miti kwa mashine ya petroli yenye feni. Kwa mti mkubwa hutumika robo kilo hivi kila mzunguko, mizunguko mitano kwa msimu, kila baada ya siku 14. Kazi hufanywa alfajiri, hewa ikiwa imetulia na umande ungali juu ya majani, ili unga upate kushika.

Hapo ndipo taabu ya chama inapoanza. Wanachama ni wengi, mashine ni chache, na saa zinazofaa ni mbili au tatu tu kwa siku. Kila mwenye shamba anataka mashine ifike kwake leo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kukagua hesabu za chama kimoja, nikamkuta mwendesha mashine ameketi barazani, mkono wa kulia umefungwa bendeji hadi kiwikoni. Petroli ilimwishia katikati ya shamba, naye hakuitua mashine. Mwenzake aliimimina petroli kutoka kwenye kidumu mashine ikiwa bado mgongoni, ikamwagikia bomba la moshi lililokuwa la moto. Nilimwuliza kwa nini hakusubiri ipoe. Hakunijibu, alinionyesha karatasi ya zamu iliyobandikwa mlangoni. Mashamba manne kabla ya saa mbili asubuhi! Karatasi ile ilikuwa na sahihi ya katibu.

Tangu siku hiyo nimeacha kuandika katika taarifa zangu kwamba ajali imetokana na uzembe wa mwendeshaji, kabla sijaiona karatasi ya zamu. Mashine hii humdhuru mtu mara nyingi pale inaposimama: wakati wa kutia petroli, wakati wa kujaza salfa, na wakati wa kuzibua. Nyakati hizo tatu zinahitaji subira, na subira haipatikani isipotengewa nafasi katika zamu. Katibu anapopanga mashamba, ahesabu na muda wa mashine kupoa.

Tuanze na petroli. Injini izimwe, mashine ituliwe kwenye ardhi tupu isiyo na majani makavu, mbali na mifuko ya salfa, na iachwe ipoe. Dakika kumi ni kiasi kidogo, lakini ni afadhali kuliko hakuna. Tangi lisijazwe hadi mdomoni, na petroli iliyomwagika ifutwe. Kisha mashine isogezwe hatua kadhaa kutoka mahali ilipojaziwa, ndipo iwashwe. Mwenye sigara asikaribie, hata akiwa ndiye mwenye shamba.

Salfa nayo inawaka. Watu wengi hulisahau jambo hili kwa kuwa wameizoea kama dawa, wakaiweka katika fungu moja na chokaa. Unga wake ukitimka hewani unaweza kushika moto kwa cheche ndogo mno, na ukiungua hutoa moshi unaokaba koo na kuchoma mapafu. Kwa hiyo ni marufuku kujaza salfa injini ikiwa inanguruma. Moto ukitokea, ufunikwe kwa mchanga taratibu. Ukitupiwa ndoo ya maji kwa nguvu, unga hutimka na moto huzidi. Watu wote wasimame upande upepo unakotoka.

Liko jambo jingine ambalo waendeshaji hulidharau. Salfa kavu inapokimbia ndani ya bomba la plastiki huzalisha umeme wa msuguano, uleule unaotoa cheche mtu anapovua shati la nailoni gizani. Ndiyo sababu mashine za kurushia unga hutengenezwa na njia ya kuuondoa umeme huo: nyingine zina mnyororo mwembamba unaoburuzika ardhini, nyingine zina waya ndani ya bomba. Nimekuta mashine ambazo mnyororo wake ulikatwa kwa kuwa ulikuwa ukinasa kwenye visiki. Mashine ya namna hiyo isitoke ghalani mpaka mnyororo urudishwe.

Bomba likiziba, mkosi hutokana na kijiti. Msaidizi huchokoa mdomo wa bomba injini ikiwa inazunguka, donge likaachia ghafla, na unga ukamjaa machoni. Feni iliyo ndani huzunguka maelfu ya mara kwa dakika. Ikikutana na kidole haiulizi ni cha nani. Zima injini, ngoja feni isimame kabisa, chomoa kofia ya plagi, ndipo uzibue. Bora zaidi ni kuchekecha salfa kabla ya kuijaza, na kutotumia iliyolowa na kugandamana.

Mwendeshaji avae miwani ya kufunika macho, kitambaa maalumu cha pua na mdomo, viziba masikio, shati la mikono mirefu na viatu vya kufunika miguu. Mashine tupu ina uzito wa kilo kumi hivi, na salfa huongeza. Mtu asiibebe asubuhi nzima pasipo kubadilishana na mwenzake. Akimaliza kazi aoge kabla ya kula. Gharama za vifaa hivi ziingizwe katika makisio ya chama. Si haki kumwambia mtu anayefanya kazi ya chama ajinunulie miwani.

Sasa utunzaji, ambao hata mtu asiyeijua mashine anaweza kuukagua kwenye vitabu. Injini hizi ni za mipigo miwili, na oili yake huchanganywa ndani ya petroli. Katika chama kingine nilipitia hati za malipo za msimu mzima, nikaona petroli imenunuliwa mara kumi na nne na oili mara moja. Nilimwambia katibu kwamba mashine zao mbili zimekufa au ziko njiani kufa. Alishangaa nimejuaje, kwa maana moja ilikuwa imekwama juma lile lile, na fundi alikuwa amekwisha kusema pistoni imeungua.

Kipimo kimeandikwa katika kitabu cha mashine, nacho hutegemea oili itumikayo. Kipimo cha moja kwa hamsini ni mililita 20 za oili kwa kila lita ya petroli, yaani mililita 100 kwa kidumu cha lita tano. Kipimo cha moja kwa ishirini na tano ni mara mbili yake. Mchanganyiko ufanywe ndani ya kidumu safi na kutikiswa vizuri, kamwe usifanywe ndani ya tangi la mashine. Oili iwe ya injini za mipigo miwili. Ile ya gari haifai. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi usitumiwe.

Chujio la hewa lisafishwe kila siku ya kazi, kwa sababu unga huliziba upesi. La sponji lioshwe kwa maji ya sabuni na kukaushwa kabisa. La karatasi likung'utwe polepole. Plagi ikaguliwe kila juma. Ikiwa kavu na ya kahawia, injini ina afya. Ikiwa nyeusi na yenye majimaji, tazama kipimo cha oili na chujio. Mwanya wake kwa mashine nyingi za aina hii ni nusu milimita. Salfa iliyobaki iondolewe tangini jioni hiyo hiyo, kwani ikikutana na unyevu hula chuma.

Msimu ukiisha, petroli yote itolewe, kisha injini iwashwe na kuachwa izimike yenyewe ili kabureta ikauke. Tia matone machache ya oili kwenye tundu la plagi, vuta kamba polepole mara mbili tatu, rudisha plagi. Mashine iwekwe juu ya kichanja mbali na panya, chumba kisicho na salfa wala petroli.

Kila mashine iwe na daftari lake: tarehe, jina la mwendeshaji, shamba, saa ya kuanza na ya kumaliza, lita za petroli, mililita za oili, kasoro iliyoonekana, na sahihi ya aliyeipokea iliporudi. Mashine iliyoandikiwa kasoro isitolewe tena mpaka fundi atie sahihi, hata kama mwenye zamu ni Mwenyekiti. Nijapo kukagua, nitaliomba daftari hilo kabla ya kitabu cha fedha, pamoja na karatasi ya zamu.