Una Nini Nyumbani? Mjane, Chupa ya Mafuta na Deni la Kausha Damu



Vijana wenzangu, leo tusome pamoja hadithi fupi sana, mistari saba tu: 2 Wafalme 4:1-7. Kama una Biblia karibu, ifungue kwanza uisome, halafu urudi hapa. Mimi niliihubiri vibaya mwaka jana, na aliyenisahihisha ni mama mmoja muuza ndizi.

Nilikuwa likizo huku kwetu Vidunda, juu mlimani, mahali ambapo ukisimama asubuhi unaona mto Ruaha na mashamba ya miwa kule chini. Jumuiya yetu ikanipa zamu ya kuongoza tafakari. Nikachagua mjane wa Elisha kwa sababu ni hadithi ya muujiza, na miujiza inapendwa. Nikasema kwa sauti ya mtu aliyemaliza falsafa: ndugu zangu, mwamini Mungu tu, mafuta yatatoka!

Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango akanyoosha mkono. "Frateri, samahani. Huyo mjane aliambiwa akaazime vyombo kwa majirani. Sasa mimi nitaazima kwa nani, na majirani ndio ninaowakimbia?"

Watu wakanyamaza. Mimi pia nilinyamaza, maana sikuwa na jibu.

Deni lilivyoanza

Simtaji jina, ila yeye mwenyewe aliniruhusu nisimulie. Alikopa shilingi 200,000 kwa mkopeshaji wa kule chini, ile mikopo mnayoijua kwa jina la kausha damu. Masharti: kurejesha 10,000 kila siku kwa siku 30, yaani jumla 300,000. Siku ukikosa, faini. Mpango wake ulikuwa kununua ndizi huku mlimani na kuzishusha Kidodi. Wiki ya pili mvua ikaharibu njia, gari halikupanda, ndizi zikaivia mlimani. Mtoto naye akaugua, nusu ya mtaji ikaishia kwenye dawa. Akakopa kwa jirani ili alipe marejesho, akakopa kwa jirani mwingine ili amlipe yule wa kwanza. Wahenga walishasema: kukopa harusi, kulipa matanga.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni jambo aliloniambia baadaye. Kila pikipiki iliposikika, alijificha ndani, na mtoto wake wa miaka saba akatoka mlangoni kusema, "Mama hayupo." Mwanzoni alikuwa anamtuma. Baadaye mtoto akawa anasema mwenyewe, bila kutumwa.

Rudini sasa kwenye mstari wa kwanza. Mjane anamlilia Elisha kwamba mumewe, aliyekuwa mmoja wa wana wa manabii, amekufa, na mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Huko Israeli mtu aliweza kujiuza kwa sababu ya umaskini (Wal 25:39), na enzi za Nehemia watu walilia kwamba watoto wao wanaingizwa utumwani kwa sababu ya madeni (Neh 5:5). Nilipokuwa nasoma falsafa nilikutana na jambo moja kwa Aristotle: neno la Kigiriki la riba, *tokos*, maana yake pia ni mtoto. Yeye aliona ni kinyume cha maumbile pesa izae pesa. Nilipomfikiria yule mtoto wa mlangoni, nikaelewa upande mwingine wa neno hilo: pesa ikizaa kupita kiasi, inakula watoto wa watu. Siku hizi mdai habebi mtoto mgongoni, ila mtoto anaweza kuchukuliwa akiwa bado nyumbani kwao, pale anapojifunza kwamba uongo ndiyo njia ya kumlinda mama.

Sasa tuitazame hadithi hatua kwa hatua.

1. Elisha hakumuuliza ilikuwaje akakopa

Anaanza na maswali mawili: nikufanyie nini, na una nini nyumbani? Hatoi hotuba ya matumizi mabaya ya fedha. Mapokeo ya kale ya Kiyahudi, ambayo mwanahistoria Yosefo pia anayaandika, yanasema marehemu alikuwa Obadia, yule aliyewaficha manabii 100 mapangoni na kuwalisha wakati wa Yezebeli (1 Fal 18:4), na kwamba alikopa ili awalishe. Biblia yenyewe haimtaji jina. Hata hivyo mapokeo hayo yanatukumbusha kwamba si kila mwenye deni ni mzembe. Wapo waliokopa kwa ajili ya hospitali, ada, msiba. Na hata yule aliyekopa ili apendeze kwenye sherehe au arudishe hela ya kubeti, akija kwako analia, mwulize kwanza ana nini nyumbani. Mengine yatafuata.

2. Vyombo vinaazimwa kwa majirani

Hapa ndipo nilipoteleza. Niliruka moja kwa moja hadi kwenye mafuta. Elisha alimwambia aende nje, kwa majirani wote, akaazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache. Hebu jiwekeni kwenye nafasi yake. Mwanamke ambaye kijiji kizima kinajua anadaiwa anagonga mlango mmoja baada ya mwingine, akiomba madumu na masufuria matupu. Kila mlango ni aibu mpya. Kila mlango pia ni mtu mmoja zaidi anayejua shida yake na kumkabidhi chombo.

Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Deni linanenepa gizani. Kwa hiyo imani ya mjane ilianza kuonekana kabla hata tone moja halijaongezeka. Ilionekana pale alipogonga mlango wa kwanza.

3. Mlango ukafungwa, watoto wakiwa ndani

Mjane anaingia ndani na wanawe, anafunga mlango, wao wanamletea vyombo, yeye anamimina. Wale wale waliokuwa wachukuliwe ndio wanaofanya kazi. Mama hakuwaficha ukweli wala hakuwatuma wadanganye. Na muujiza wenyewe unafanyika bila watazamaji. Msaada wa kweli haumpigi picha maskini na kumrusha mtandaoni. Majirani walitoa vyombo, hawakuitwa kuja kushangilia.

4. Uza, lipa, kisha ishi

Mafuta yalikoma vyombo vilipokwisha. Mjane hakukimbilia matumizi, alirudi kumuuliza Elisha. Jibu lina mpangilio: uza mafuta, lipa deni lako, kisha wewe na wanao mwishi kwa kinachobaki. Mungu hakulifuta deni kwa uchawi, wala hakumtorosha mjane usiku. Alimwezesha kulipa na kubaki na maisha.

Lakini tusimwachie mjane mzigo wote. Neno la Mungu lina ujumbe kwa anayekopesha pia. Kutoka 22 inakataza kumtoza maskini riba. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2269, inasema wafanyabiashara ambao riba zao na tamaa zao zinasababisha njaa na vifo vya ndugu zao wanatenda uuaji usio wa moja kwa moja. Ni maneno mazito. Kama wewe kijana unakopesha wenzako kwa riba ya kukausha, kaa nayo kabla ya kwenda kukomunika.

Jumuiya ilifanya nini?

Siku ile, baada ya ukimya, bibi mmoja alimwambia yule mama, "Mwanangu, mimi ni mmoja wa unaonikimbia. Unanidai ubaya gani? Elfu kumi yangu ingoje." Hapo ndipo tafakari ilipoanza kweli. Tukaandika madeni yote kwenye karatasi, hakuna aliyecheka. Katekista na mzee mmoja wakashuka naye kwa mkopeshaji, wakaomba faini zisimame na marejesho yapunguzwe. Alikubali nusu tu: faini zikasimama, deni likabaki. Familia kadhaa zikatoa mkungu mmoja mmoja wa ndizi. Hiyo ndiyo mitungi yetu mitupu. Mpaka naandika hivi bado hajamaliza, lakini pikipiki ikija anatoka mwenyewe mlangoni.

Maaskofu wetu wa AMECEA walipoamua miaka ya 1970 kwamba Kanisa lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo, nadhani walitaka kitu kama hiki: watu wachache wa kutosha kujuana shida.

Wiki hii, fanya haya

- Kama una deni linalokunyima usingizi, mwambie mtu mmoja unayemwamini kabla ya Jumapili. Mmoja tu.
- Kabla ya kukopa kwenye simu, hakiki leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila kibali. Zipo zinazoingia kwenye namba za marafiki zako na kuwatumia ujumbe wa kukudhalilisha.
- Kama wewe huna deni, wewe ni jirani. Chombo chako kitupu ni kipi? Muda, usafiri, mkungu wa ndizi, kufunga mdomo?

Maswali ya tafakari

1. Nani katika familia yangu anasema uongo ili kunilinda mimi?
2. Nikiulizwa leo "una nini nyumbani?", nitajibu "sina kitu", au nitaikumbuka ile chupa moja?

Tusali

Ee Bwana, unayeona machozi ya mjane, utupe ujasiri wa kugonga mlango, na moyo wa kufungua tunapogongewa. Uwalinde watoto wasichukuliwe na madeni yetu. Uwageuze wanaokula jasho la maskini. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Na samahani, mama, kwa mahubiri yale ya kwanza. Wewe uliisoma hadithi vizuri kuliko mimi.