Popoo na saratani ya kinywa
Popoo inayotafunwa katika tambuu huchubua utando wa ndani wa kinywa. Utando ukichubuka, mwili hutoa protini za kuchochea ukuaji ili jeraha lipone. Ukitafuna kila siku, uchochezi huo haukomi: nyuzi ngumu hurundikana chini ya utando, mashavu hukakamaa na kinywa hakifunguki vizuri. Baadaye seli zinaweza kuanza kujigawa bila mpangilio. Hiyo ndiyo saratani.

Usidhani tambuu isiyo na tumbaku ni salama. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2004 kuwa nayo husababisha saratani.

Acha popoo. Ukiona doa jeupe au jekundu, au kidonda kisichopona kwa wiki 2, muone daktari wa meno mapema.