Seli za Sola Zinazovikwa Rangi



Kwetu Kabonga, usiku usio na mwezi ndio usiku wa kazi. Ndagala hufuata taa. Zamani ilikuwa karabai ya mafuta, siku hizi wengi wanatumia taa zinazochajiwa kwa sola. Kwa hiyo mtu wa ziwani akisikia habari ya seli mpya ya jua, husikiliza kwa masikio yote mawili. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si kemia. Haya nimeelekezwa na ndugu zetu wa sayansi.

Sola tuliyozoea juu ya mabati ni ya silikoni. Silikoni hupokea mwanga na hapohapo husafirisha umeme, ndiyo maana lazima iwe safi mno, na kuisafisha kunataka matanuri makubwa. Mwaka 1991 Michael Grätzel wa Lausanne, Uswisi, na mwenzake Brian O'Regan, walionyesha namna ya kuzitenganisha kazi hizo mbili. Rangi hupokea mwanga. Unga mweupe wa titani dioksidi, uleule wa rangi za ukutani na dawa za meno, husafirisha elektroni. Unga huo peke yake hunasa miale ya urujuanimno tu, basi huvikwa rangi ili unase na mwanga tunaouona. Chembe zake ni za nanomita kama 20. Zikichomwa juu ya kioo kinachopitisha umeme, kwa nyuzi 450 hivi, hushikana kama sponji, na sponji hubeba rangi nyingi. Mwanga ukiigonga rangi, elektroni huruka kuingia kwenye unga, hupita kwenye waya na kuwasha taa, kisha hurudi upande wa pili, ambako kimiminika chenye iodini huirudisha kwenye rangi.

Seli za mwanzo zilitoa umeme wa asilimia 7 hivi ya mwanga. Leo za maabara zimefika 15. Paneli za silikoni madukani zimepita 20, kwa hiyo mtu asiuze ya kwake.

Kazi ya kuziboresha iko katika vitu vinavyoziunda. Rangi ya Grätzel ina rutheni, madini adimu na ghali. Wanafunzi hujaribu choya. Nikauliza, na mawese ya Rumonge je, mbona ni mekundu vile? Nikajibiwa kwamba wekundu wa mawese ni karotini, nayo haina mikono ya kuushika unga. Rangi ya choya inayo. Lakini hata choya mara nyingi haifiki asilimia 1. Unga nao huoshwa kwa titani kloridi ili chembe zishikane vizuri zaidi, au hutiwa naitrojeni kidogo. Platini ya upande wa pili hubadilishwa kwa kaboni, na kwa majaribio ya darasani hata masizi ya koroboi yanatosha.

Hapo ndipo nilipoulizwa swali la fani yangu. Rangi ya maua hukamuliwa kwa ethanoli. Je, ikimrukia mtu nguoni aswali nayo? Wanazuoni wengi wa madhehebu manne wameihukumu khamri kuwa najisi. Rabi'a, al-Layth na al-Muzani, mwanafunzi wa Imam Shafi'i, walisema kuinywa ni haramu lakini yenyewe si najisi. Kuhusu spiriti ya viwandani, wengi wa zama zetu hawaiingizi katika hukumu ya khamri. Mimi naona njia nyepesi ipo: choya hutoa rangi yake kwa maji yenye siki kidogo, na siki haina mgogoro. Anayelazimika kutumia ethanoli asiache maabara kwa wasiwasi; amuulize mwalimu wa fiqhi anayemwamini.

Kinachobaki kigumu ni kile kimiminika. Kwenye joto hupanuka, huvuja na kukauka, na joto la ufukoni mnalijua. Wengine wanakigeuza kuwa kama jeli, wengine wanatafuta kitu kigumu kabisa badala yake. Jeli inakaa zaidi, ila ioni hupita kwa shida. Sifa nzuri ya seli hizi ni kufanya kazi kwenye mwanga hafifu, hata ndani ya nyumba. Kwa hiyo naziona kwanza kwenye saa za ukutani na vikokotozi. Mtumbwi wa ndagala bado ni wa silikoni.