Ndama Huzaliwa na Askari Wake

Ndama aliyezaliwa leo asubuhi pale Bugomora bado hajapambana na ugonjwa wowote. Alikuwa amefungiwa tumboni mwa mama yake, mahali safi. Basi siku akiumwa na kupe, damu yake itamjuaje adui ambaye haijawahi kumwona?

Wataalamu wengi wa zamani walidhani adui ndiye anayeifundisha damu. Sivyo. Mwaka 1957 Macfarlane Burnet wa Australia aliandika kwamba silaha humtangulia adui. Katika damu mna seli nyeupe, yaani askari wa mwili. Kila askari ana ufunguo wake, na wengi huumbwa kabla ndama hajazaliwa. Funguo hizo hazichongwi kwa kufuata kufuli fulani. Mwili huchanganya vipande ovyo ovyo tu, zikatokea funguo za mamilioni ya namna. Nyingi hazitapata kufuli maisha yote. Lakini kidudu kikiingia, askari ambaye ufunguo wake umekubali huzaliana upesi, wakawa jeshi.

Shida ni kwamba jeshi huchukua siku nyingi kukua, na kuharisha hakungoji. Kwa binadamu, kinga ya mama hupita katika kondo. Kwa ng'ombe haipiti. Iko katika dang'a. Utumbo wa ndama hupokea kinga hiyo vizuri zaidi katika saa 6 za kwanza. Zikipita saa 24, mlango umefungwa. Kwa hiyo anayemwaga dang'a anamnyima ndama wake ngao. Ndama akishindwa kusimama, mkamue mama yake, umnyweshe kwa chupa safi, kama lita 2.

Ndigana kali ni mambo mengine. Kidudu chake huletwa na kupe wa masikioni, kisha hujificha ndani ya seli nyeupe zenyewe. Adui amevaa sare ya askari! Kinga ya dang'a haimfikii humo. Hapo ndama anahitaji askari wake mwenyewe, wale wanaoua seli iliyoingiliwa. Chanjo iliyotokana na utafiti wa Muguga, Kenya, miaka ya 1970 huwaamsha hao: ndama hudungwa vidudu hai, na papo hapo hudungwa dawa ya kuvizuia. Ugonjwa huja mdogo, askari wanaofaa huzaliana, na kinga hukaa muda mrefu. Sindano hiyo aipige mtaalamu wa mifugo tu, maana bila ile dawa ya pili ndama anaweza kufa. Na ukiona matezi yamevimba chini ya sikio, na ndama ana homa, mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo.